Mkate wa Vipande na Desturi za Nchi

Mtu akitoka Lubumbashi akavuka mpaka wa Kasumbalesa na kuingia Zambia, au akitoka Beni akapita Kasindi na kuingia Uganda, ataona jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Upande wetu mkate wa asubuhi ni wa kumega. Umewekwa katika beseni la mama muuzaji au katika kisanduku cha kioo, na ukifika nyumbani kila mtu anaumega kwa mkono wake. Upande wa pili mkate una pembe nne, umefungwa katika mfuko wa plastiki, nao umekwisha kukatwa vipande tangu kiwandani. Huko Kenya na Tanzania vipande hivyo huitwa slesi, na mtoto huomba slesi mbili au tatu kwa chai yake. Unga ni wa ngano huku na huko, hamira ni ile ile, na moto ni moto. Mbona basi mikate haifanani?

Wengine watajibu upesi: Huko walitawala Waingereza, huku Wabelgiji. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa maana Wabelgiji nao kwao hula mkate wa vipande kila siku. Wanaukata kwa namna nyingine tu. Twaona afadhali kuuliza swali jingine: Ni nani anayeshika kisu? Mahali pengine ni mwenye nyumba, mezani pake. Mahali pengine ni mwoka mikate, dukani, mbele ya macho ya mnunuzi. Tena kuna nchi ambazo kisu ni cha mashini, nayo hukata usiku, wakati mnunuzi amelala. Tukifuata habari za kisu hicho tutafahamu mengi kuhusu unene wa kipande, na hata kuhusu bei, uzito, na vitu vinavyotiwa ndani ya unga.

Tuanze na Ulaya ya zamani. Katika karne ya 13 na ya 14 mabwana wakubwa wa Ufaransa na Uingereza hawakuwa na sahani kwa kila mtu kama sisi leo. Watumishi walikata mkate mkavu wa siku kadhaa vipande vinene, wakaweka nyama na mchuzi juu yake. Kipande ndicho kilichokuwa sahani. Karamu ikiisha, vipande vilivyolowa mchuzi vilikusanywa katika vikapu, wakagawiwa maskini waliongoja mlangoni. Kukata mkate katika nyumba hizo ilikuwa kazi ya heshima, haikupewa mtumishi yeyote.

Katika nyumba za wakulima kisu kilikuwa cha baba, au cha mama mahali pengine. Kabla ya kukata mkate mpya alichora ishara ya msalaba kwa ncha ya kisu upande wa chini wa mkate. Desturi hiyo ilienea Ufaransa, Ubelgiji, Bavaria na Austria, na wazee wengine wa huko wanaishika hata sasa. Mikate ile ilikuwa mikubwa, ya kilo mbili, tatu au zaidi, maana tanuru iliwashwa mara moja tu kwa juma, au kwa majuma mawili. Mwenye kisu aliwatazama watu waliokaa mezani, akahesabu siku zilizobaki, akakata kwa kadiri. Mwaka wa njaa vipande vilikuwa vyembamba, lakini waliojua sababu ni wale wale waliovila.

Uzito wa mkate mzima, huo ulikuwa shauri la serikali tangu zamani. Huko Uingereza, wakati wa mfalme Henry III, katika karne ile ya 13, ilitolewa sheria ya mkate na pombe. Haikuruhusu bei ya mkate ipande na kushuka. Mkate wa peni moja ulibaki wa peni moja, bali uzito wake ndio uliobadilika: ngano ikipanda bei, mkate ulipungua, ngano ikishuka, mkate ulikua. Mwoka mikate aliyepunguza kupita kipimo alitozwa faini, au aliaibishwa mbele ya watu. Nasi twaijua desturi hiyo bila kusoma sheria ya Waingereza. Faranga yetu ikianguka, mkate wa bei ndogo haupandi bei mara moja, unakonda. Lakini wao walikuwa na mtu wa kuupima.

Sasa tumtaje mtu aliyekitoa kisu mezani akakipeleka kiwandani. Alikuwa Mmarekani, jina lake Otto Frederick Rohwedder. Alizaliwa tarehe 7 Julai 1880 huko Davenport, katika jimbo la Iowa. Hakuwa mwoka mikate hata kidogo. Alikuwa sonara, mwenye maduka matatu ya saa na vito katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri. Aliyauza yote ili apate fedha za kutengeneza mashini ya kukata mkate. Mwaka wa 1917 moto ulizuka katika kiwanda cha Monmouth, Illinois, mahali mashini yake ya kwanza ilipokuwa ikitengenezwa, ukateketeza mashini pamoja na michoro yake. Ilimpasa kuanza tena tangu mwanzo, na miaka kumi ikapita.

Waoka mikate hawakumsaidia. Walisema: Mkate uliokatwa utakauka. Na kwa kweli hawakusema uongo. Ganda la mkate mzima huulinda kama ngozi. Ukiukata, kila kipande kina nyuso mbili zilizo wazi, na unyevu unatoka. Rohwedder alifahamu kwamba kukata na kufunga lazima ziwe kazi moja. Mashini aliyoimaliza mwaka wa 1927 ilikuwa na visu vingi vilivyokwenda juu na chini, nayo ilikata mkate wote kwa mara moja na kuufunga papo hapo kwa karatasi.

Tarehe 7 Julai 1928, siku alipotimiza miaka 48, mkate wa vipande uliuzwa kwa mara ya kwanza katika mji mdogo wa Chillicothe, Missouri. Mwoka mikate aliyekubali kujaribu alikuwa Frank Bench, ambaye kazi yake ilikuwa karibu kufa. Vipande vilikuwa na unene wa sentimeta moja na kidogo, vikashikamanishwa kwa pini ili mkate usianguke, na tangazo la gazeti liliwaeleza akina mama namna ya kufungua karatasi na kuchomoa pini. Jambo hilo latuchekesha leo, lakini lilikuwa la lazima, maana hakuna mtu aliyewahi kununua kitu cha namna hiyo. Baadaye mwoka mikate mwingine, Gustav Papendick wa St. Louis, akapata njia bora: akaviweka vipande katika kisahani cha karatasi ngumu kabla ya kuvifunga.

Biashara ikashika moto. Mwaka wa 1930 Wonder Bread ilianza kuuzwa katika vipande nchi nzima, na kufika mwaka wa 1933 Wamarekani walikuwa wakinunua mkate uliokatwa kuliko mkate mzima. Katika miaka mitano tu! Rohwedder mwenyewe hakutajirika sana. Shida kubwa ya fedha iliyoanza mwaka wa 1929 ilimbana, akauza haki zake za uvumbuzi kwa kampuni moja ya Bettendorf, Iowa, akafanya kazi humo. Alikufa mwaka wa 1960.

Yafaa tutazame jinsi kisu hicho kilivyobadilisha mkate wenyewe. Kwanza, umbo. Mashini haipendi mkate wa mviringo, kwa kuwa vipande vya mwanzo na vya mwisho vitakuwa vidogo na vile vya katikati vikubwa. Ndiyo maana unga huwekwa katika kibati cha pembe nne. Pili, ganda. Ganda gumu husumbua visu na hutawanya makombo, basi likafanywa jembamba. Tatu, muda. Mkate wa moto haukatiki, hushikamana na kisu. Lazima upoe kabisa kwanza. (Masista wanaotengeneza hostia hufanya kinyume: ile karatasi nyembamba ya ngano hutiwa unyevu kidogo kabla ya kukatwa, la sivyo huvunjika.) Tena kuna jambo la nne, nalo ni la ajabu zaidi. Mkate ukifungwa, mnunuzi haunusi wala hagongi ganda lake asikie mlio. Kitu kimoja tu anaweza kufanya: kuuminya. Akiuona laini, husema ni mpya. Basi waoka mikate wa viwandani walishindana kwa ulaini, wakatia mafuta, maziwa na sukari, hata mkate wa Marekani ukawa laini kama pamba, na mtamu.

Wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Marekani ilijaribu kukirudisha kisu nyumbani. Tarehe 18 Januari 1943 Claude Wickard, waziri wa ukulima aliyesimamia chakula, alikataza viwanda kukata mkate. Sababu zilikuwa mbili: mkate uliokatwa unahitaji karatasi ya nta iliyo nene zaidi kuliko mkate mzima, na bei ya unga ilikuwa imepanda, ikafikiriwa kwamba waoka mikate wataokoa fedha wasipokata. Kumbe, katika miaka 15 tu watu walikuwa wamesahau kukata! Akina mama waliokuwa na watoto wengi walilalamika katika magazeti kwamba asubuhi, kabla ya watoto kwenda shule na bwana kwenda kazini, walipaswa kukata vipande vingi mno, navyo vilitoka vibaya, huku vinene, huku vyembamba. Visu vya mkate vikatafutwa madukani. Tarehe 8 Machi mwaka ule ule amri ikaondolewa. Serikali ilisema karatasi iko ya kutosha, na fedha zilizookolewa hazikuwa nyingi kama ilivyotumainiwa. Nchi ile ilivumilia upungufu wa sukari, wa kahawa, wa nyama na wa viatu, lakini haikuvumilia majuma saba bila mkate wa kukatwa.

Waingereza waliufuata mkate huo wa Marekani, lakini shida yao ilikuwa nyingine: ngano. Ngano ya kwao hukua katika mvua na baridi, nayo haina nguvu nyingi. Unga wake hauvutiki vizuri, mkate haupandi. Kwa hiyo waliagiza ngano ngumu kutoka Kanada na nchi nyingine. Wakati wa vita merikebu zilizamishwa baharini, na tangu mwaka wa 1942 hadi 1956 watu walikula mkate wa taifa, wa rangi ya udongo, ambao hawakuupenda. Jambo la kushangaza ni kwamba mkate haukugawiwa kwa kadi katika vita yote, ila baada ya vita, toka Julai 1946 hadi Julai 1948.

Basi wataalamu wa mji wa Chorleywood, karibu na London, wakatafuta dawa, na mwaka wa 1961 wakaipata. Badala ya kuuacha unga uumuke kwa saa nyingi, waliukanda kwa mashini yenye nguvu nyingi kwa dakika chache tu, wakiongeza mafuta kidogo na vitamini C. Kwa njia hiyo hata ngano laini ya Uingereza ilitoa mkate mrefu na mweupe, tena kwa muda mfupi, unaokatika bila kuvunjika. Leo karibu sehemu 80 katika 100 za mkate wa Waingereza hutengenezwa hivyo. Wengi wao husema mkate huo hauna ladha, na pengine wasema kweli. Lakini nchi iliyokuwa ikingojea merikebu za Kanada sasa hutumia zaidi ngano ya mashamba yake. Katika duka la Kiingereza mkate wa gramu 800 huuzwa kwa unene wa namna tatu, mwembamba, wa kadiri na mnene, na kila jamaa ina wake. Mwembamba ni wa kufungia chakula cha kazini, mnene ni wa kuchoma na kupaka siagi. Mkate huo wa kibati ndio walioupeleka Kenya, Uganda, Zambia na Afrika ya Kusini. Huko Kenya mkate wa gramu 400 uliokatwa ni chakula cha asubuhi cha mamilioni ya watu.

Mbelgiji hakukubali kukitoa kisu mbali hivyo. Kwake mkate wa kila siku una gramu 800, au nusu yake, nao hukaa mzima juu ya rafu ya mwoka mikate. Mnunuzi akiutaja, mama aliye nyuma ya meza humwuliza: Ukatwe, usikatwe? Akisema ukatwe, mkate huwekwa katika mashini ndogo inayotetemeka, na baada ya nafasi ya kusema Salamu Maria moja umekwisha kukatwa na kutiwa katika mfuko. Mnunuzi ameuona mzima, ameliona ganda lake. Mkate huo hudumu siku mbili tatu, si juma zima, na mwoka mikate hana sababu ya kutia vitu vingi vya kuulinda, maana mnunuzi atarudi. Sisi hapa Kongo tulipokea kutoka Ulaya mkate wa kumega na wa ganda, lakini ile mashini ndogo ya dukani haikutufikia wengi.

Mfaransa ni mgumu zaidi. Mkate wake mrefu mwembamba, wenye gramu 250 hivi, hupelekwa nyumbani chini ya kwapa, na mezani ni adabu kuumega kwa mkono. Mkate wa vipande anaujua, lakini huuita kwa jina la nyama yake ya ndani, pain de mie, kana kwamba si mkate kamili, ni mkate usio na ganda. Kisha wakaweka sheria. Amri ya mwaka wa 1993 ilisema kwamba mkate unaoitwa wa desturi ya Kifaransa usitiwe vitu vya kiwandani wala usigandishwe kwa barafu, na sheria ya mwaka wa 1998 ikasema kwamba hakuna ruhusa kuandika jina la mwoka mikate juu ya mlango wa duka ambalo unga haukandwi na kuokwa mahali pale pale. Mwaka wa 2022 UNESCO ikauandika ustadi wa kutengeneza mkate huo mrefu katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hata hivyo ukiingia katika duka kubwa la Paris utaona rafu nzima ya mkate laini wa vipande, nao hununuliwa sana.

Na Wajerumani? Hao walikuwa na mkate wa vipande vyembamba kabla ya Wamarekani kuwa na mashini, lakini si kwa ajili ya uvivu. Nchi yao ya Westfalia haina udongo mzuri wa ngano. Huota nafaka ambayo Wafaransa huiita seigle. Nafaka hiyo huokwa pole pole katika joto dogo kwa saa 16 au zaidi, ikatoka mkate mweusi, mzito, mtamu kidogo bila sukari, unaoitwa Pumpernickel. Mkate huo ukiukata mnene hutaweza kuutafuna. Basi hukatwa mwembamba kama ubao, na ukifungwa vizuri hukaa muda mrefu bila kuharibika. Jioni Wajerumani wengi hawapiki. Hula vipande vya mkate na jibini na nyama, na chakula chenyewe huitwa mkate wa jioni. Mkate mweupe wa pembe nne wanao pia, lakini kwao jina lake ni mkate wa kuchoma tu.

Tuende sasa mbali zaidi, Japani, nchi ya wali. Mkate uliletwa huko na Wareno, waliofika mwaka wa 1543, wakati ambao wamisionari wa kwanza nao walikuwa karibu kuingia. Hata leo Wajapani huuita mkate pan, neno la Kireno. Wakristo walipoteswa na nchi ikafungwa, mkate nao ukasahauliwa karibu kabisa. Ulirudi bandari zilipofunguliwa katika karne ya 19, hasa huko Yokohama, nao ulikuwa mkate wa kibati wa namna ya Kiingereza.

Lakini uliingia kweli kwa mlango wa shule. Baada ya vita watoto wa Japani walikuwa na njaa, na tangu mwaka wa 1950 watoto wa shule katika miji mikubwa walipewa chakula cha mchana cha mkate wa unga wa Marekani pamoja na maziwa ya unga. Wali haukurudi katika chakula cha shule kwa nchi nzima mpaka mwaka wa 1976. Kizazi kizima kikazoea. Mwaka wa 2011 hesabu ya serikali ilionyesha kwamba jamaa za Kijapani zilitumia kwa mkate fedha nyingi kuliko kwa mchele, kwa mara ya kwanza. Tusifikiri kwamba zawadi ya unga ni jambo dogo. Aliyetoa unga ule alikuwa pia na ngano ya kuuza, na watoto wale walikua wakawa wanunuzi.

Hata hivyo Wajapani hawakuula mkate wa Marekani kama ulivyo. Waliufanya wenye maji mengi, laini na wenye kuvutika, na juu ya unene wa kipande wakawa na maoni ambayo hatujayaona mahali pengine. Mkate mmoja wa kipimo, usiopungua gramu 340, huuzwa si kwa uzito tu bali kwa hesabu ya vipande: mfuko wa vipande 4, wa 5, wa 6 au wa 8. Mkate ni ule ule, bei ni ile ile; visu ndivyo vilivyopangwa mbali au karibu. Na nchi imegawanyika. Upande wa Osaka na Kyoto watu wanapenda vipande 4 au 5, vinene kama sentimeta tatu au mbili na nusu, viwe vigumu nje na laini ndani vikichomwa. Upande wa Tokyo wanapenda 6 au 8. Mtu wa Osaka akihamia Tokyo hutafuta mkate wake dukani asiuone. Huko kiwanda kinashika kisu, lakini kimelazimika kuuliza kila jimbo.

Meksiko tutaipita upesi, ingawa kampuni moja ya huko, Bimbo, iliyoanzishwa mwaka wa 1945, imekuwa kubwa kuliko zote duniani katika kazi ya mkate. Waanzilishi wake waliona kwamba mikate iliyofungwa katika karatasi ya nta ilikuwa mara nyingi na ukungu, na mnunuzi hakuweza kujua mpaka aifungue nyumbani. Wakaifunga katika karatasi inayoonyesha ndani. Jambo jepesi, lakini lilimrudishia mnunuzi macho yake.

Maana hapo ndipo penye hatari. Kisu kikiwa mbali, mlaji haoni tena. Huko Afrika ya Kusini mkate wa maskini ni mkate wa gramu 700 uliokatwa, na serikali imeuondolea kodi mkate wa kahawia, ingawa mweupe hulipiwa. Mwisho wa mwaka wa 2006 wauzaji wadogo wa jimbo la Cape Magharibi waliona kwamba kampuni kubwa, ambazo watu walidhani zinashindana, zilipandisha bei pamoja. Wakashtaki. Ikaonekana kwamba wakubwa wa kampuni hizo walikuwa wakipatana kwa siri juu ya bei. Moja ilikiri na kusamehewa faini. Tiger Brands ililipa zaidi ya randi milioni 98 mwaka wa 2007. Pioneer Foods, iliyokana, ilihukumiwa mwaka wa 2010 kulipa zaidi ya randi milioni 195. Twaona ni vema kukumbuka kwamba mashtaka hayo hayakuanzishwa na mtu mkubwa. Yalianzishwa na watu waliobeba mikate kwenye magari madogo kuipeleka madukani.

Huko Ayalandi shauri lilikuwa juu ya sukari. Sheria yao ya kodi ya mwaka wa 1972 ilisema kwamba mkate ni chakula cha lazima na haulipiwi kodi, ila sukari yake isizidi sehemu 2 katika 100 za uzito wa unga. Mfanyabiashara mmoja wa maduka ya Subway, kampuni ya Kimarekani, alidai mikate yake isilipiwe kodi. Mwezi wa Septemba 2020 mahakama kuu ya nchi ikapima, ikaona sukari ni sehemu 10 katika 100, ikaamua kwamba mbele ya sheria hiyo chakula kile si mkate. Mmarekani anaula kila siku, anauita mkate. Akivuka bahari, umekuwa keki.

Turudi Afrika. Nchi nyingi za katikati ya bara letu hazina ngano ya kutosha. Sisi hapa Kongo tunailima kidogo katika milima ya Kivu, kama huko Lubero, lakini karibu yote tunayokula hutoka ng'ambo. Urusi ilipoishambulia Ukraine mwaka wa 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na mwoka mikate asiyejua Ukraine iko wapi aliona taabu yake katika gunia la unga. Nigeria ilijaribu njia kali: toka mwaka wa 1987 hadi 1992 ilikataza ngano ya kigeni, nayo iliingia kwa magendo. Baadaye serikali yake iliwahimiza wasagaji kuchanganya unga wa mihogo, kwa kuwa hakuna nchi inayolima mihogo mingi kuliko hiyo. Jambo hilo si jipya. Tangu mwaka wa 1964 shirika la FAO lilianza kufanya majaribio ya unga mchanganyiko kwa ajili ya nchi za joto.

Majaribio hayo yalionyesha jambo linalohusu kisu chetu. Unga wa ngano una gluteni, utomvu unaovutika na kuushikilia mkate. Mihogo haina hata kidogo. Ukitia sehemu 10 za mihogo katika sehemu 100 za unga, mlaji hatambui, na mkate hukatika. Ukizidisha sana, mkate hupanda vibaya, na visu vya mashini huuvunja vipande visivyo na umbo, visivyofaa kuuzwa katika mfuko. Mkate unaouzwa mzima hauna shida hiyo kwa kiasi hicho, kwa sababu hakuna visu vinavyoupitia. Mlaji anaumega tu. Hapo sisi wenye mkate wa kumega tuna nafasi kuliko jirani zetu wenye slesi. Mwoka mikate wa Butembo au wa Bukavu anayetaka kujaribu aanze na kilo moja ya unga mweupe wa mihogo, mkavu kabisa na uliochekechwa vizuri, kwa kilo tisa za ngano, na aupime mkate wake mbele ya wanunuzi.